Ripoti mbili, uvimbe mmoja: jibu kuhusu uvimbe wa seli za granulosa kwenye ovari

Swali: Shikamoo daktari. Dada yangu ana miaka 47, ana binti wawili. Karibu mwaka mzima hedhi yake ilivurugika, anakaa miezi miwili bila kuona siku zake, kisha anatokwa damu wiki tatu mfululizo. Altrasaundi ilionyesha uvimbe kwenye ovari ya kushoto. Akapasuliwa, ukatolewa uvimbe wa sentimita 13 pamoja na ovari hiyo. Majibu ya kwanza ya kinyama yalisema ni saratani ya ovari ambayo seli zake hazijulikani vizuri zimetoka wapi, akaambiwa ajiandae kwa dripu za kemo. Tukaomba sampuli ipelekwe hospitali nyingine. Huko wameandika ni uvimbe wa seli za granulosa, aina ya watu wazima, hatua ya IA, na daktari wa huko anasema kemo haihitajiki kwa sasa. Nimekutumia picha za ripoti zote mbili. Tumwamini nani? Hii ni saratani au siyo? Na binti zake wapimwe? Msomaji, Tanga.

Jibu: Marahaba, dada. Poleni sana, na mmefanya jambo la maana kuomba sampuli isomwe upya kabla ya kuanza dawa.

Mimi sijaziona slaidi zenyewe, nimesoma maandishi tu. Lakini kwa yaliyoandikwa, ripoti ya pili ina ushahidi ambao ya kwanza haina, na ningekuwa ndugu wa mgonjwa ningeifuata hiyo. Kuhusu kama ni saratani: ndiyo, uvimbe huu tunauweka upande wa saratani, kwa sababu unaweza kurudi na unaweza kusambaa. Ila hauendi kwa kasi ya ile saratani ya ovari ambayo watu wengi wameisikia au wamemuuguza mtu nayo. Haulingani nayo kwa asili, wala kwa matibabu, wala kwa matarajio ya mgonjwa. Ukiondolewa wote ungali ndani ya ovari moja, wanawake walio wengi huishi miaka mingi bila kuuona tena.

Ovari ni kiungo kidogo lakini kina seli za asili tofauti. Kuna utando unaoifunika kwa nje. Kuna mayai yenyewe. Na kuna seli zinazolizunguka kila yai, kulilea na kutengeneza homoni. Kila kundi linaweza kuota uvimbe wake, na ndiyo maana kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha kuainisha uvimbe wa via vya uzazi vya mwanamke, toleo la tano la mwaka 2020, kina majina mengi kiasi cha kumchosha hata daktari. Saratani za kundi la utando ndizo karibu asilimia 90 ya saratani zote za ovari, na siku hizi tunajua kwamba nyingi kati ya zile kali huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, kisha ndipo hushika ovari. Kundi la seli zinazolea yai na kutengeneza homoni hutoa saratani chache, kama 5 hadi 8 katika kila 100. Uvimbe wa dada yako umetoka kundi hili.

Sasa kwa nini wa kwanza waliandika vingine? Angalia mstari wa ripoti ya kwanza unaosema idadi ya bloku. Wameandika bloku 2. Uvimbe ukifika maabara ukiwa ndani ya fomalini, hukatwa, na vipande vidogo huchaguliwa na kuzamishwa kwenye nta. Kila kipande kikiwa ndani ya nta yake ndiyo bloku moja. Kanuni tunayofuata kwa uvimbe wa ovari ni walau bloku moja kwa kila sentimita ya upana wake mkubwa. Uvimbe wa sentimita 13 ulihitaji bloku kama 13. Ripoti ya pili inaonyesha walirudi kwenye mabaki yaliyokuwa bado kwenye fomalini, wakaongeza hadi zikafika 12. Hiyo peke yake inatosha kubadili jibu, kwa sababu uvimbe wa granulosa hauna sura moja. Ukiukata kwa kisu unakuta sehemu ngumu za manjano au kijivu, na humo humo vifuko vilivyojaa damu ya zamani. Chini ya hadubini, upande mmoja seli zimejipanga kwa mistari, upande mwingine zimezunguka vishimo vidogo, na kwingine zimesongamana tu bila mpangilio wowote. Ukibahatika vibaya ukachukua vipande viwili kutoka sehemu hiyo ya msongamano, unachokiona ni bahari ya seli ndogo zenye kiini kikubwa na nyama kidogo pembeni, na mtu mwaminifu kabisa anaweza kuandika kwamba ni saratani asiyoijua asili yake.

Kinachotuokoa ni kuongeza ukuzaji wa hadubini na kutazama kiini kimoja kimoja. Kiini cha seli ya granulosa ya aina ya watu wazima ni cheupe kiasi, kirefu cha duara, na katikati kina mfuo unaopita kwa urefu, kama punje ya buni iliyokwisha kumenywa. Viini vya saratani kali za utando haviko hivyo: ni vyeusi, kimoja kikubwa kingine kidogo, na seli zinazogawanyika utazihesabu nyingi kila unapogeuza slaidi. Katika granulosa ya watu wazima seli zinazogawanyika kwa kawaida ni chache. Kuna pia vishimo vidogo vya duara vyenye kitu cha rangi ya waridi ndani, seli zikiwa zimevizunguka pande zote. Vinaitwa miili ya Call na Exner. Emma Call alikuwa daktari mwanamke kutoka Marekani aliyekwenda kusoma Vienna, na mwaka 1875 yeye na Siegmund Exner waliandika juu ya vishimo hivyo walipokuwa wakichunguza ovari za sungura. Napenda kumtaja kila ninapofundisha, maana wanafunzi wengi wanalitamka jina lake miaka yote bila kujua kwamba ni la mwanamke. Vishimo hivyo vikionekana vinasaidia sana, lakini uvimbe mwingi wa granulosa hauna hata kimoja, kwa hiyo kutoonekana kwake si hoja.

Baada ya macho zinafuata rangi maalumu. Ripoti ya pili imetaja rangi ya retikulini, ambayo ni ya zamani, ya bei nafuu, na maabara nyingi zingeweza kuwa nayo. Inachora kwa rangi nyeusi nyuzi nyembamba zilizoko kati ya seli. Katika granulosa nyuzi hizo huzunguka mafungu ya seli; katika fibroma na tekoma, aina nyingine za uvimbe wa ovari ambazo mara nyingi hazina madhara, nyuzi huzunguka seli moja moja. Kisha wamefanya imunohistokemia, yaani kupaka kingamwili zinazonata kwenye protini fulani tu. Inhibini imetoka chanya, kalretinini chanya, na hizo mbili ni protini za seli zinazolea yai; EMA imetoka hasi. EMA na sitokeratini 7 huwa chanya katika saratani nyingi za utando. Inhibini peke yake isingenitosheleza, kwa sababu hata ndani ya saratani ya kawaida seli za ovari zilizobanwa pembeni zinaweza kushika rangi hiyo na kumpoteza msomaji. Ila zote tatu kwa pamoja, na viini vyenye mfuo, na retikulini inayozunguka mafungu, hapo jibu limesimama.

Kipo kipimo kimoja zaidi ambacho hawakukifanya, na sidhani mnahitaji kukihangaikia. Mwaka 2009 watafiti wa Vancouver, Kanada, waligundua kwamba karibu uvimbe wote wa granulosa wa watu wazima, kama 97 katika kila 100, una badiliko lile lile moja kwenye jeni iitwayo FOXL2: herufi moja tu ya DNA, nafasi ya 402, C imekuwa G. Ni jambo la nadra sana katika elimu ya saratani, ugonjwa mzima karibu kusimama juu ya herufi moja. Kipimo hicho ni cha kuombwa pale sura na rangi zinapogongana. Kwa dada yako hazijagongana.

Nisisitize pia kwamba mwili wake ulikuwa umekwisha kutoa taarifa kabla ya hadubini. Seli za granulosa kazi yake ni kutengeneza estrojeni. Zikiota na kuzidi, estrojeni inazidi, utando wa ndani wa mfuko wa uzazi unanenepa, na hedhi inakuwa kama ulivyoeleza: kukauka kwa muda, kisha damu kwa wiki. Kwenye picha ya fomu iliyokwenda na sampuli ya kwanza, sehemu ya historia ya mgonjwa ina maneno mawili tu, "uvimbe wa ovari". Naandika hili kwa masikitiko, kwa kuwa naliona mara kwa mara. Kama pale pangeandikwa miaka 47 na damu ya hedhi isiyo na mpangilio kwa mwaka mzima, anayesoma angeiwaza granulosa kabla hata ya kuwasha taa ya hadubini. Wenzangu wa wodini na chumba cha upasuaji, tafadhali, mistari mitatu ya historia inamsaidia mgonjwa kuliko mashine nyingi.

Niwaongezee wasomaji wengine kidogo, maana uvimbe wa nadra wa ovari mara nyingi huwapata watoto na wasichana, na huko jina likikosewa hasara ni kubwa zaidi.

Msichana wa miaka 15 akija na tumbo linalokua kwa wiki chache, wazo la kwanza liwe uvimbe wa kundi la mayai yenyewe. Kabla ya kumpasua atolewe damu ya kupima AFP, hCG na LDH, vitu vitatu ambavyo uvimbe wa kundi hili huvipandisha kwenye damu. AFP ikiwa juu sana inaelekeza kwenye uvimbe wa kifuko cha kiinitete, ambao hadubini huuonyesha kwa mshipa mmoja wa damu uliovikwa seli ndani ya kijipango, alama iitwayo mwili wa Schiller na Duval. LDH ikiwa juu inaweza kuwa disjeminoma, uvimbe mwingine wa kundi la mayai, ndugu wa saratani ya korodani iitwayo seminoma, yenye seli kubwa nyeupe zilizotenganishwa na kuta zilizojaa limfosaiti, yaani chembe nyeupe za kinga. Magonjwa haya ni makali lakini yanasikia sana dawa za kemo. Mpango wa bleomisini, etoposidi na sisplatini huwaponya walio wengi, na kwa kawaida msichana huachiwa mfuko wa uzazi na ovari ya upande wa pili. Kumwondolea vyote kwa sababu tu mtu aliandika "saratani ya ovari" ni kumdhulumu.

Na katika ukanda wetu lipo jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa mstari mmoja. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Kampala, alipochapisha mwaka 1958 habari za uvimbe wa mataya kwa watoto wa Afrika, alieleza pia kwamba watoto hao huwa na uvimbe tumboni, na kwa wasichana ovari zote mbili hushikwa. Hiyo ndiyo limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za kinga. Mtoto wa miaka 8 mwenye ovari mbili zilizovimba kwa pamoja asikimbizwe kuondolewa ovari. Chini ya hadubini utaona seli za ukubwa mmoja zimejaa kila mahali, katikati yake zikiwa zimetawanyika seli nyeupe zinazomeza mabaki. Tiba yake ni kemo, na ianze siku chache baada ya jibu.

Ovari mbili kwa mama mtu mzima zinanipeleka kwingine. Hapo nauliza tumbo la chakula. Mwaka 1896 Friedrich Krukenberg alieleza uvimbe wa ovari aliodhani umeanzia hapo hapo. Baadaye ikajulikana ni saratani iliyosafiri, mara nyingi kutoka tumboni, ikiwa na seli zilizojaa ute na kiini kimesukumwa ukutani. Mama wa namna hiyo akipewa matibabu ya saratani ya ovari, chanzo kinabaki kinaendelea. Kifua kikuu cha tumboni nacho hudanganya: maji tumboni, ovari zimegandamana, kipimo cha damu cha CA-125, ambacho hupanda katika saratani nyingi za ovari, kimepanda, na kumbe hakuna saratani yoyote. Nisingependa mtu yeyote aanzishiwe kemo kwa CA-125 na picha tu, bila kinyama, pale ambapo kinyama kinaweza kupatikana.

Turudi kwa dada yako.

Hatua ya IA maana yake uvimbe ulikuwa ndani ya ovari moja, ganda lake zima, na maji yaliyosuuzwa tumboni hayakuwa na seli za saratani. Muulizeni daktari aliyempasua swali moja mahsusi: ganda lilipasuka au halikupasuka? Likipasuka mikononi mwa daktari inakuwa IC1. Likiwa limekwisha kupasuka kabla, IC2. Uvimbe wa granulosa una vifuko vya damu na hupasuka kirahisi, na kupasuka huko huongeza uwezekano wa kurudi. Pia hakikisheni kwamba maji ya tumbo yalipimwa kweli, kwa sababu sijaona yakitajwa kwenye ripoti zote mbili. Ikiwa ni IA ya kweli, nakubaliana na daktari wa pili: upasuaji ndio matibabu, na kemo haimwongezei kitu kinachojulikana zaidi ya kumchosha. Kwa IC madaktari bingwa wa saratani wanatofautiana, na hapo inabidi mzungumze nao kwa kina.

Jambo ambalo sijaliona kabisa kwenye karatasi zenu, nalo ndilo linalonihangaisha zaidi, ni utando wa mfuko wa uzazi. Estrojeni iliyozidi kwa mwaka mzima inaweza kuunenepesha utando huo, na kwa wachache, kama 5 hadi 10 katika kila 100, inakutwa saratani nyingine huko, mara nyingi ya hatua za mwanzo. Mfuko wake wa uzazi bado upo. Aombe kuchukuliwa kinyama cha utando huo sasa, asisubiri kliniki ya miezi sita ijayo, hata kama damu imekwisha kukatika tangu apasuliwe.

Kwa umri wake, na kama hataki mtoto mwingine, madaktari wengi wa magonjwa ya wanawake watamshauri aondolewe mfuko wa uzazi na ovari iliyobaki. Ni uamuzi wake, na una uzito, kwa sababu atakoma hedhi ghafla, na joto la usiku na mengine yatafuata. Angekuwa ni msichana wa miaka 25 ningesema aachiwe vyote viwili bila kusita.

Ufuatiliaji wake uwe wa maisha. Saratani nyingi mtu akivuka miaka 5 salama tunapumua. Hii si hivyo. Ikirudi, mara nyingi hurudi baada ya miaka 5, na wapo waliorudiwa baada ya 20 na zaidi. Wengi hufuata utaratibu wa kumwona mgonjwa kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka ya mwanzo, halafu kila mwaka bila kumfunga jalada. Kipimo cha damu kinachofaa ni inhibini B, homoni inayotengenezwa na seli za granulosa, ambayo huweza kupanda miezi kadhaa kabla uvimbe haujaonekana kwenye picha. Maabara nyingi haziifanyi zenyewe, hutuma damu nje, na bei yake ni ya kuuliza mapema. Kama ovari ya kulia itabaki, inhibini B itakuwa inapanda na kushuka na hedhi, na itakuwa vigumu kuisoma; kama itaondolewa, inatakiwa iwe chini sana, na kupanda kokote kutaonekana. CA-125 haifai kwa kazi hii. Ikitokea uvimbe ukarudi, mara nyingi ni donge moja au machache tumboni, na upasuaji wa kuyatoa bado ndio tegemeo la kwanza.

Kwa hiyo bloku za nta na nakala za ripoti zote mbili zitunzwe. Maabara nyingi hutupa bloku baada ya miaka kadhaa. Andikeni barua kuomba za dada yako zisitupwe, au mkabidhiwe mkae nazo nyumbani mahali pakavu pasipo joto kali. Siku akipata donge tumboni akiwa na miaka 65, daktari ambaye leo bado yuko shule atahitaji kulinganisha, na asipozipata ataanza upya kubahatisha kama ilivyokuwa mara ya kwanza.

Mwisho, binti zake. Lile badiliko la FOXL2 limetokea ndani ya uvimbe wenyewe, hakuzaliwa nalo, na hajawarithisha. Hakuna sababu ya kuwatoa damu wala kuwapiga picha kwa ajili ya ugonjwa huu. Jibu lingekuwa tofauti kwa jina jingine. Uvimbe wa Sertoli na Leydig, ambao huweza kumwotesha msichana ndevu na kumzamisha sauti, mara nyingi unaambatana na jeni ya DICER1, na familia inaweza kuwa na watoto wenye uvimbe wa mapafu au wa tezi ya shingo. Saratani ya seli ndogo inayopandisha kalisi kwenye damu, inayowapata wanawake wa miaka ya ishirini, inahusu jeni ya SMARCA4, nayo huweza kurithiwa. Na kama ripoti ya kwanza ingethibitika kuwa saratani kali ya utando, ningewaambia mzungumze na daktari kuhusu BRCA1 na BRCA2, jeni za kurithi zinazohusiana na saratani ya titi na ya ovari, kwa mama na kwa binti. Kwa hiyo niulize kimoja tu: upande wa mama yenu au baba yenu, kuna aliyeugua saratani ya titi akiwa kijana, au saratani ya ovari? Kama yupo, nijulishe, tutalitazama peke yake. Kama hayupo, binti waachwe wasome.